Georges Lemaître: Maisha ya Padri Aliyeuandikia Ulimwengu Mwanzo

Utangulizi

Kila jamii ya wanadamu ina masimulizi yake kuhusu asili ya ulimwengu. Sisi wanafunzi wa fasihi tumezoea kukutana na masimulizi hayo katika visasili, na tumefunzwa kuyachambua kwa kuzingatia wahusika, mandhari na dhima yake katika jamii. Sayansi ya karne ya ishirini nayo ilileta masimulizi yake, yanayojulikana leo kama nadharia ya Mlipuko Mkuu. Aghalabu masimulizi haya hutajwa madarasani kana kwamba hayana msimulizi. Mwanafunzi hukariri kwamba ulimwengu ulianza yapata miaka bilioni 13.8 iliyopita, lakini ni nadra aulize ni nani aliyekuwa wa kwanza kuthubutu kuandika kwamba ulimwengu una mwanzo unaoweza kujadiliwa kwa lugha ya fizikia.

Mtu huyo ni Georges Lemaître, Mbelgiji aliyekuwa padri wa Kanisa Katoliki na profesa wa chuo kikuu. Makala haya yanasimulia maisha yake kwa jicho la msomaji wa matini. Si lengo letu kufundisha hisabati. Hiyo ina wenyewe. Kinachotuvutia ni kwamba sifa za msomi huyu, kupotea kwake na kutambuliwa kwake, viliamuliwa kwa kiasi kikubwa na mambo tunayoyashughulikia kila siku: lugha aliyoandikia, tafsiri ya kazi yake, jina ambalo nadharia yake ilibandikwa na, zaidi ya yote, maneno ambayo yeye mwenyewe aliamua kuyafuta.

Malezi, Vita na Wito

Lemaître alizaliwa tarehe 17 Julai 1894 mjini Charleroi, katika eneo la migodi ya makaa ya mawe na viwanda nchini Ubelgiji. Alikuwa kifungua mimba katika familia ya wavulana wanne. Baba yake alimiliki kiwanda cha vioo, lakini kiwanda hicho kiliteketea kwa moto na mnamo 1910 familia ikahamia Brussels, ambako mzee huyo alipata kazi katika benki. Kijana Georges alisomeshwa na mapadri Wajesuiti, na tangu utotoni alionyesha mielekeo miwili ambayo wengi waliiona kuwa haipatani: alitaka kuwa padri na alitaka kuwa mwanasayansi. Mnamo 1911 alijiunga na Chuo Kikuu Katoliki cha Louvain kusomea uhandisi, taaluma ambayo ingeisaidia familia iliyokuwa imeyumba kiuchumi.

Masomo hayo yalikatizwa na Vita vya Kwanza vya Dunia. Ujerumani ilipoivamia Ubelgiji mnamo Agosti 1914, Lemaître alijitolea kuingia jeshini pamoja na ndugu yake. Alipigana kando ya mto Yser, kwanza katika kikosi cha askari wa miguu na baadaye katika kikosi cha mizinga, na akatunukiwa nishani ya vita. Katika mahandaki yale ya matope alikuwa na vitabu vya mwanahisabati Mfaransa Henri Poincaré, naye alivisoma kila mizinga iliponyamaza.

Vita vilipokwisha, hakuurudia uhandisi. Aligeukia hisabati na fizikia, akahitimu shahada ya udaktari mnamo 1920, kisha akaingia seminari mjini Mechelen. Huko ndiko alikojifunza nadharia ya uhusianifu ya Albert Einstein, wakati wenzake wakishughulika zaidi na teolojia. Tarehe 22 Septemba 1923 alipewa daraja takatifu ya upadri na Kadinali Désiré Mercier. Miito miwili iliyodhaniwa kuwa haipatani ilikuwa imepata makao katika nafsi moja.

Safari ya Elimu

Mwaka huohuo Lemaître alikwenda Cambridge, Uingereza, kusoma chini ya mwanafalaki Arthur Eddington. Mwaka uliofuata alivuka bahari hadi Marekani, akafanya utafiti katika kituo cha falaki cha Chuo Kikuu cha Harvard na kujisajili kwa shahada ya pili ya udaktari katika Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts. Safari hii ilimkutanisha na watu waliokuwa wakiangalia mbingu kwa darubini, si kwa kalamu na karatasi pekee. Alimzuru Vesto Slipher huko Arizona na Edwin Hubble huko California.

Ili kuelewa umuhimu wa ziara hizo, yafaa tukumbuke hali ya taaluma wakati huo. Slipher alikuwa amegundua kwamba mwanga wa nebula nyingi za mbali umevutwa kuelekea upande wa rangi nyekundu, dalili kwamba nebula hizo zinakwenda mbali nasi. Hubble naye alikuwa amethibitisha kwamba baadhi ya nebula hizo ni galaksi kamili zilizo nje kabisa ya galaksi yetu. Kwa upande wa nadharia, Einstein alikuwa amependekeza mnamo 1917 ulimwengu uliotulia, usiopanuka wala kusinyaa, na ili milinganyo yake ikubaliane na utulivu huo aliiongezea namba maalumu isiyobadilika. Wenye darubini walikuwa na vipimo visivyokuwa na maelezo. Wenye milinganyo walikuwa na maelezo yasiyokuwa na vipimo. Lemaître alirejea Louvain kufundisha mnamo 1925 akiwa amebeba vyote viwili.

Makala ya 1927 na Lugha Yake

Mnamo 1927 Lemaître alichapisha makala katika jarida la Jumuiya ya Kisayansi ya Brussels. Alionyesha kwamba milinganyo ya Einstein inaruhusu ulimwengu unaopanuka, na kwamba upanuzi huo ndio unaoeleza mwendo wa nebula za Slipher. Hapa mfano wa jikoni utatufaa. Chukua unga wa maandazi uliotiwa hamira na mbegu za iliki. Unga unapoumuka, kila mbegu hujitenga na nyingine zote. Zilizo karibu hutengana polepole na zilizo mbali hutengana kwa kasi zaidi, na hakuna mbegu hata moja inayoweza kudai kwamba ndiyo kitovu. Mbegu zenyewe hazitembei ndani ya unga. Ni unga unaozichukua. Ndivyo galaksi zinavyochukuliwa na anga linalotanuka.

Lemaître hakuishia hapo. Alikusanya vipimo vya nebula 42, akakadiria kasi ya upanuzi na kupata jawabu la takribani kilomita 625 kwa sekunde kwa kila megaparseki moja, yaani kwa kila umbali wa miaka ya nuru milioni 3.26 hivi. Alipoikokotoa kwa njia nyingine alipata 575. Vipimo vya leo vinatoa kiwango cha karibu 70, kwa sababu umbali wa galaksi ulikuwa ukikadiriwa kuwa mdogo mno wakati ule. Hata hivyo, uhusiano wenyewe kati ya umbali na kasi ulikuwa sahihi, naye aliufikia miaka miwili kabla ya Hubble.

Je, ni nani aliyeisoma makala hiyo? Ni wachache mno. Iliandikwa kwa Kifaransa, katika jarida ambalo wanafalaki wa Uingereza na Marekani hawakuwa na mazoea ya kulifungua. Hata Eddington, mwalimu wake, hakuitilia maanani. Oktoba 1927 Lemaître alikutana na Einstein mjini Brussels wakati wa Kongamano la Solvay. Einstein alikiri kwamba hisabati ya padri huyo haikuwa na kasoro, lakini akaikataa fizikia yake kwa maneno makali. Alimfahamisha pia kwamba Mrusi Alexander Friedmann alikuwa amekwisha kufikia milinganyo ya aina hiyo mnamo 1922. Friedmann alikuwa ameaga dunia mnamo 1925, naye hakuihusisha milinganyo yake na vipimo vya nebula.

Mnamo 1929 Hubble alitangaza kwa Kiingereza uhusiano uleule kati ya umbali na kasi, akiwa na vipimo bora zaidi. Sifa zikamwendea yeye. Itakuwa rahisi mno kudai kwamba kosa lilikuwa la Kifaransa. Kifaransa hakikuwa lugha dhaifu ya taaluma, na makala yenyewe ilikuwa imekamilika. Kilichokosekana ni daraja la kuivusha kutoka kwa wasomaji wa lugha moja hadi kwa wasomaji wa lugha nyingine.

Mwaka wa Kufuta

Daraja hilo lilipatikana hatimaye. Mapema mwaka 1930 Eddington na wenzake walijadili hadharani uhaba wa nadharia inayoweza kueleza mwendo wa galaksi. Lemaître aliposoma ripoti ya mjadala huo, alimwandikia mwalimu wake kumkumbusha makala ya 1927. Eddington alitambua thamani yake, akaitangaza kwa bidii na kushughulikia kutafsiriwa kwake. Tafsiri ya Kiingereza ilitoka mnamo Machi 1931 katika jarida la Jumuiya ya Kifalme ya Falaki ya Uingereza.

Msomaji anayelinganisha matini chanzi na matini lengwa atashangaa. Aya iliyokuwa na ukadiriaji wa kasi ya upanuzi haimo katika tafsiri. Kwa miaka mingi jambo hili lilizua tuhuma. Wapo waliodhani kwamba mhariri aliiondoa aya hiyo, na wapo walioshuku kwamba iliondolewa ili kulinda sifa za Hubble. Kitendawili hicho kiliteguliwa mnamo 2011, wakati mtafiti Mario Livio alipochapisha barua aliyoikuta katika kumbukumbu za jumuiya hiyo. Barua ilithibitisha kwamba mfasiri alikuwa Lemaître mwenyewe, na kwamba ndiye aliyeiacha aya ile kwa hiari yake. Aliona kwamba hesabu zake za 1927 zilikuwa za muda tu, zimekwisha kupitwa na vipimo vipya vya Hubble, na kwamba hapakuwa na haja ya kuzirudia. Mtu aliyetafuta ukweli alifuta bila kusita. Mtu aliyetafuta jina asingefuta.

Mwaka huohuo alifuta tena. Mapema 1931 Eddington alisema hadharani kwamba wazo la ulimwengu kuwa na mwanzo wa ghafla lilimchukiza. Lemaître alimjibu kwa barua fupi iliyochapishwa katika jarida la Nature tarehe 9 Mei 1931. Makala yake ya 1927 ilizungumzia upanuzi, lakini haikuwa imetaja mwanzo. Sasa alichukua hatua ya pili. Akitumia fizikia ya kwanta, alipendekeza kwamba tukirudi nyuma katika wakati tutaikuta nishati yote ya ulimwengu imekusanyika katika chembe moja, ambayo baadaye aliiita atomu ya awali. Kabla ya chembe hiyo kugawanyika, mahali na wakati havikuwa na maana yoyote. Barua hiyo ndiyo chimbuko la nadharia ya kisayansi ya mwanzo wa ulimwengu.

Rasimu ya barua hiyo ilikuwa na aya ya mwisho iliyomtaja Mungu kama nguzo iliyofichika ya kila kilichopo. Lemaître aliipiga mstari aya hiyo kabla ya kuituma barua. Hakuwa ameipoteza imani yake. Aliendelea kuwa padri hadi pumzi yake ya mwisho. Alichotambua ni kwamba barua ya fizikia si mimbari, na kwamba hoja ya kisayansi sharti isimame kwa miguu yake yenyewe au ianguke.

Tukiyaweka mafuto haya mawili pamoja tunaona maadili mamoja yenye matokeo mawili. Futo la kwanza lilimnyima haki ya kutambuliwa kwa takribani miaka themanini. Futo la pili liliikinga nadharia yake. Wapinzani wengi waliishuku kwa sababu tu mwandishi alivaa kanzu ya upadri. Walidhani kwamba alikuwa akiingiza kitabu cha Mwanzo katika fizikia kwa mlango wa nyuma. Lau aya ile ingechapishwa, wangekuwa na ushahidi mkononi.

Jina la Kubandikwa

Miaka ya thelathini ilimletea Lemaître umaarufu. Einstein mwenyewe aliukubali upanuzi wa ulimwengu mnamo 1931, na katika majira ya baridi ya 1932 na 1933 wawili hao walikutana huko California wakiwa marafiki. Mnamo 1934 Lemaître alitunukiwa Tuzo ya Francqui, tuzo kuu ya kisayansi nchini Ubelgiji, na mnamo 1936 aliteuliwa kuwa mwanachama wa Akademia ya Kipapa ya Sayansi. Wazo la upanuzi lilikuwa limekubalika. Wazo la mwanzo halikuwa hivyo.

Mnamo 1948 wanasayansi watatu wa Cambridge, Fred Hoyle, Hermann Bondi na Thomas Gold, walitoa nadharia pinzani iliyodai kwamba ulimwengu hauna mwanzo wala mwisho, na kwamba maada mpya huzaliwa polepole kujaza nafasi inayoachwa na upanuzi. Mwaka 1949 Hoyle, akizungumza katika redio ya BBC, aliipa nadharia asiyoiamini jina ambalo tumelifasiri kwa Kiswahili kama Mlipuko Mkuu. Kwa hivyo nadharia ya Lemaître ilipata jina lake kutoka kwa mpinzani. Jina hilo lilinata, nasi wanaistilahi wa Kiswahili tumelipokea pamoja na mzigo wake. Mlipuko, kwa maana ya kawaida, hutokea mahali fulani, na walio nje ya mahali hapo huusikia. Nadharia yenyewe inasema kwamba hapakuwa na nje, wala hapakuwa na mahali pa kutokea. Atomu ya awali ya Lemaître nayo ilikuwa sitiari, na fizikia ya leo haiamini tena kwamba mambo yalianza na atomu moja kubwa iliyovunjika. Lakini angalau sitiari hiyo ilitoka kwa mtu aliyejua alichotaka kusema.

Padri Mbele ya Papa

Jaribio kubwa zaidi la msimamo wake halikutoka kwa wapinzani bali kwa wenzake wa imani. Tarehe 22 Novemba 1951 Papa Pius wa Kumi na Mbili aliihutubia Akademia ya Kipapa ya Sayansi, na katika hotuba hiyo akaiona sayansi mpya ya mwanzo wa ulimwengu kuwa ushuhuda wa tendo la uumbaji. Mtu angetarajia padri aliyeiasisi nadharia hiyo kushangilia. Lemaître hakushangilia. Aliona hatari mbili: nadharia ambayo ilikuwa bado haijathibitishwa ilikuwa inafanywa nguzo ya imani, na imani ilikuwa inafungwa kwenye hoja inayoweza kupinduliwa na kipimo cha kesho. Aliwasilisha wasiwasi wake kwa njia za heshima kupitia washauri wa kisayansi wa Vatikani. Papa alipowahutubia wanafalaki waliokutana Roma mnamo Septemba 1952, hakulirudia dai hilo. Lemaître alibaki mtiifu kwa Kanisa lake, na mnamo 1960 aliteuliwa kuwa rais wa akademia ileile, wadhifa aliokuwa nao hadi kifo chake.

Miaka ya Mwisho

Alipokuwa akizeeka, Lemaître alivutiwa na mashine za kukokotoa, na mnamo 1958 chuo chake kilipata kompyuta yake ya kwanza ya kielektroniki kwa juhudi zake. Miaka hiyo pia ilimkuta katikati ya mgogoro ambao msomaji wetu hatauona kuwa mgeni. Chuo Kikuu cha Louvain kilitikiswa na mvutano kuhusu lugha ya kufundishia, Kiholanzi au Kifaransa, katika mji uliokuwa wa wasemaji wa Kiholanzi. Lemaître alikiongoza chama cha walimu wazungumzaji wa Kifaransa waliotaka kubaki. Mtu aliyekuwa ameyatetea mawazo yake bila ukali alijikuta akilitetea darasa la lugha yake. Hakuishi kuona mwisho wa mgogoro huo: mnamo 1968 iliamuliwa kwamba chuo kigawanywe mara mbili, na upande wa Kifaransa ukahamia mji mpya wa Louvain-la-Neuve, ambako nyaraka zake zimehifadhiwa.

Ushahidi aliousubiri kwa zaidi ya miaka thelathini ulitokea mahali asipopatarajia. Kwa muda mrefu aliamini kwamba miale inayotoka anga za mbali ndiyo masalio ya mwanzo wa ulimwengu, na katika hilo alikosea. Mnamo 1964 Arno Penzias na Robert Wilson, waliokuwa wakiitumia antena kubwa huko New Jersey, Marekani, walinasa mvumo hafifu uliotoka kila upande wa anga, usiku na mchana. Matokeo yao yalichapishwa mnamo 1965. Ulikuwa mnururisho uliobaki kutoka enzi ambapo ulimwengu ulikuwa mdogo na wenye joto kali, ambao sasa umepoa hadi karibu nyuzi 270 chini ya sufuri. Lemaître alikuwa mgonjwa. Odon Godart, aliyekuwa msaidizi wake, ndiye aliyempelekea habari hizo hospitalini. Tarehe 20 Juni 1966 Lemaître aliaga dunia mjini Leuven akiwa na umri wa miaka 71, akijua kwamba ulimwengu umeacha alama ya mwanzo wake.

Hitimisho

Tangu kifo chake, haki imeendelea kumfuata Lemaître polepole. Ile namba ya Einstein, ambayo Einstein mwenyewe aliitupa lakini Lemaître akaing'ang'ania, ilirejeshwa baada ya uchunguzi wa 1998 kuonyesha kwamba upanuzi wa ulimwengu unaongeza kasi. Mnamo 2018 wanachama wa Muungano wa Kimataifa wa Wanafalaki walipiga kura, na asilimia 78 ya waliopiga waliunga mkono pendekezo kwamba kanuni iliyokuwa ikiitwa ya Hubble iitwe kanuni ya Hubble na Lemaître. Wahenga walitufunza kwamba mnyonge tumnyonge lakini haki yake tumpe. Lemaître hakuwa mnyonge, lakini haki yake nayo ilichelewa.

Kwa msomi wa Kiswahili, maisha haya yana funzo ambalo halihitaji darubini. Lemaître aliandika kwa lugha yake na hakukosea, kwa kuwa makala iliyoandikwa vyema mwaka 1927 ilikuwapo, neno kwa neno, wakati watu walipoitafuta. Haki yake ilirejeshwa na wasomaji waliokuwa na subira ya kuiweka matini chanzi kando ya tafsiri na kuuliza ni nini kimeachwa, na ni nani aliyekiacha. Kazi hiyo ni yetu. Zimo katika maktaba zetu tafsiri nyingi kutoka Kiswahili na kuingia Kiswahili ambazo hazijawahi kulinganishwa na asili zake, na huenda katika baadhi yake kuna aya inayomngoja mtu wa kuuliza maswali hayo mawili.